Malkia wa usiku nyumbani Goma: dalili, sababu na la kufanya

Karibu kila lalamiko kuhusu kaktasi hii huanzia pahali pamoja: mwenye nayo anaitunza kama ya jangwani. Malkia wa usiku (Epiphyllum oxypetalum) asili yake ni misitu ya kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati. Huko haioti mchangani. Inajishika juu ya miti, mizizi ikijificha katika majani yaliyooza kwenye panda za matawi. Mvua inapita, hewa inapita, jua linachujwa na mti. Kinachoonekana kama jani lake ni shina lililobapa, na ua hutoka kwenye ukingo wa shina hilo. Ua lenyewe ni jeupe, lina harufu nzito, urefu wake pamoja na shingo hufikia karibu sm 30, na maisha yake ni usiku mmoja tu.

Kwa wanaodai kaktasi si mmea wa kwetu: Rhipsalis baccifera, ndugu yake mwenye matawi membamba kama kamba, huota yenyewe juu ya miti katika misitu ya Afrika ya kati. Ndiyo kaktasi pekee inayoota kiasili nje ya mabara ya Amerika, nayo pia ni ya msituni.

Goma inamfaa malkia. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na baridi ya usiku wetu haimdhuru. Anachoogopa ni kukaa chini ya nyuzi 10. Shida za hapa ni nyingine: jua kali, maji ya Ziwa Kivu, na udongo mweusi laini unaoshikamana ukilowa.

Kwanza hakikisha ni kaktasi

Kata ncha ndogo kwa kisu. Majimaji ya malkia hayana rangi, yanateleza kidogo. Ukiona utomvu mweupe kama maziwa, hiyo si kaktasi. Ni jamaa ya mnyaa, ile inayopandwa kuwa uzio wa viwanja, na maelezo ya hapa hayaihusu. Utomvu wake unachoma ngozi na unaweza kuharibu macho. Ukikuingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kusugua, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama maumivu yamepungua.

Shina limekuwa laini, kahawia au jeusi karibu na udongo

Huu ni uozo, na ndio unaoua wengi. Sababu zake, kuanzia ile inayoonekana mara nyingi:

1. Maji hayatoki chini. Ndoo haikutobolewa, au chungu kimewekwa ndani ya chombo kingine cha urembo ambacho kimeshika maji bila mtu kujua.
2. Udongo ni mzito. Udongo mweusi wa volkano unaonekana mwepesi ukiwa mkavu, lakini vumbi lake likilowa mara kadhaa linaziba nafasi zote za hewa.
3. Kipandikizi kilipandwa siku kilipokatwa, kidonda kikiwa kibichi.
4. Shina limefukiwa sana. Sm 3 hadi 5 zinatosha; tawi likiyumba, lifunge kwenye kijiti badala ya kulizamisha.

Angalia kwanza bila kung'oa. Inua chungu na utazame chini. Chomeka kijiti kikavu hadi karibu na kitako, kiache dakika 10, kisha kivute: kikitoka na unyevu wakati juu pamekauka, maji yamekwama. Nusa tundu la chini. Harufu ya matope yaliyooza inakupa jibu kabla ya macho.

Kama uozo umethibitika, kumwacha mmea akauke hapohapo hakusaidii, kwa sababu ukungu umeshaingia ndani ya shina. Mtoe. Kung'uta udongo wote. Mizizi mizima ni ya rangi ya krimu au kahawia hafifu na haikatiki kwa kuguswa. Iliyooza inavuliwa ganda kwa vidole na kuacha uzi mwembamba. Kata iliyooza yote. Kwenye shina, panda juu ukikata vipande vya sm 2 mpaka uone nyama ya kijani isiyo na doa, pamoja na kiini chake cha katikati. Kiini hicho ndicho watu wanachokisahau: kikiwa na nukta ya kahawia, hata kama nyama ya pembeni inang'aa, uozo bado umo. Futa kisu kwa alkoli ya dawa ya 70% baada ya kila mkato.

Usipande siku hiyo. Weka tawi kivulini penye hewa kwa siku 7 hadi 14, kidonda kigeuke kovu kavu, gumu. Wakati wa mvua kubwa subiri hizo 14. Panda katika mchanganyiko mpya ulio na unyevu kidogo tu, na usimwagilie kwa wiki nzima. Zingatia upande: kipandikizi hupandwa kwa kufuata kilivyoota, kilichokuwa chini kibaki chini. Mizizi hutokea baada ya wiki 3 hadi 6.

Mchanganyiko unaofanya kazi hapa ni huu: makopo 2 ya makoro (mawe ya lava) yaliyopondwa kwa ukubwa wa punje za mahindi, makopo 2 ya majani yaliyooza vizuri na kuchekechwa, kopo 1 la vipande vya makala (mkaa). Osha makoro hadi maji yatoke safi. Lile vumbi unalolimwaga ndilo lingeziba mizizi. Makala yawe yamesuuzwa, na majivu yasiingie kabisa, sababu yake utaiona kwenye sehemu ya rangi ya njano. Ndoo ya lita 5 itobolewe matundu 6 hadi 8 yenye upana wa mm 10, na isimamishwe juu ya mawe mawili.

Onyo kwa wanaokwenda kuchota wenyewe makoro au majani yaliyooza: usishuke kwenye mashimo na mabonde madogo ya lava, hasa alfajiri, jioni au siku isiyo na upepo. Mazuku, gesi ya volkano inayoua kwa kukosesha pumzi, haina rangi na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini kabisa, palepale unapoinama. Ukikuta ndege au mnyama amekufa shimoni, ondoka upande wa juu na usimfuate mwenzako aliyeanguka humo bila msaada. Makoro yamejaa kando ya kila barabara ya mji. Hakuna haja ya kuyafuata shimoni.

Matawi yamekunjamana na kulegea

Hapa ndipo watu humwaga maji na kumaliza kazi ambayo uozo ulianza. Kukunjamana kuna maana mbili zinazopingana: mizizi haina maji, au mizizi yenyewe haipo tena.

Beba chungu. Kikiwa chepesi na kijiti kinatoka kikavu, ni kiu. Tumbukiza chungu chote kwenye beseni kwa dakika 20, kitoe, kiache kichuruzike. Matawi yatajaa tena ndani ya siku 2 hadi 4. Chungu kikiwa kizito na matawi yamekunjamana, rudi kwenye sehemu ya uozo.

Kuna hali ya tatu, ya nadra: mchanganyiko uliokauka kupita kiasi hukataa maji, nayo hupita ukingoni na kutoka chini upesi huku katikati pakibaki vumbi. Beseni hutibu hilo pia.

Kwa kawaida, ndoo ya lita 5 hupewa maji hadi yatoke chini, karibu lita 1, pale sm 3 au 4 za juu zikikauka. Wakati wa mvua hiyo ni kila siku 7 hadi 10; kiangazi cha Juni hadi Agosti, hewa ikiwa na vumbi, huenda ikafika siku 5. Fuata kidole, si kalenda. Na usimwache mmea peupe mvua ya Novemba ikimnyeshea kila alasiri. Chini ya upenu wa baraza panatosha.

Rangi inageuka njano, nyekundu au nyeupe

Tazama kwanza *wapi* rangi imebadilika.

Upande unaotazama jua tu: ni jua. Tawi huanza kwa wekundu wa shaba, kisha njano, kisha doa jeupe lililokauka ambalo halitarudi kijani. Jua la asubuhi hadi saa tatu au saa nne halina neno. La mchana ndilo linalochoma. Watu hushangaa mmea uliokaa vizuri miezi mingi unaungua bila kuhamishwa. Aliyehama ni jua. Goma iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Baraza linalotazama kusini lina kivuli mwezi wa Julai, na mwezi wa Desemba linapigwa jua. Upande wa mashariki ndio unaokuepusha na hesabu hizi. Kama huna, tundika wavu au pazia jepesi kwa miezi inayohusika. Ukimtoa ndani kumpeleka nje, mzoeze kwa wiki 2, ukimsogeza kidogo kidogo.

Matawi machanga yote, njano hafifu huku matawi ya zamani yakibaki kijani: hapa ni maji, na hili ni tatizo la Goma hasa. Maji ya bomba yetu huvutwa kutoka Ziwa Kivu, na maji ya juu ya ziwa hilo yana pH karibu 9 (pH ni kipimo cha uchachu: ikipanda, uchachu hupungua), yakiwa yamejaa bikabonati, chumvi zinazoua uchachu. Malkia anapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Ukimwagilia maji ya ziwa kwa miezi, pH ya udongo inapanda, na chuma kilichomo hakiyeyuki tena; mmea una njaa ya chuma huku chuma kikiwa miguuni pake. Dalili ya pembeni ni ukoko mweupe juu ya makoro na kwenye mdomo wa chungu. Majivu ya makala yanafanya vilevile, na chungu kipya cha saruji pia, kwani chokaa yake huendelea kutoka. Chungu cha namna hiyo kijazwe maji na kumwagwa kila siku kwa wiki 2 kabla ya kupandia.

Ushauri unaozunguka sana ni kijiko cha siki ndani ya bidoni (dumu) ya lita 20. Haubadilishi kitu. Bikabonati za Kivu ni nyingi mno. Kiasi cha siki ambacho kingezimaliza ni kikubwa kiasi cha kuleta shida nyingine. Dawa ni maji ya mvua. Suuza chungu kwanza: pitisha polepole maji ya mvua mara tatu ya ujazo wake (ndoo ya lita 5, lita 15), acha yachuruzike, kisha endelea na ya mvua. Matawi mapya yatakayotoka baada ya hapo yatakuwa kijani. Yale ya njano yanachelewa, mengine hayarudi. Ukoko ukiwa mnene, badilisha mchanganyiko wote.

Kinga mvua vizuri. Acha dakika 15 au 20 za kwanza zioshe bati, ndipo usogeze bidoni. Wanaoishi chini ya moshi wa volkano ya Nyiragongo, upande wa magharibi kuelekea Rusayo na Sake, wana mvua yenye asidi moshi ukiwa mwingi, na bati linaloshika kutu mapema ni ushahidi tosha. Siku hizo usikinge.

Mmea mzima umepauka polepole, matawi mapya ni madogo: njaa. Chukua mbolea ya NPK 17-17-17, gramu 1 kwa lita ya maji, mara moja kwa mwezi, udongo ukiwa tayari na unyevu. Usimpe mbolea mmea uliokauka wala aliyetoka kukatwa uozo.

Madoa

Gome la kahawia, gumu, linalopanda kutoka chini kwenye shina la zamani ni uzee. Liache.

Doa kavu lisilokua, lililotokea usiku mmoja baada ya mvua ya kwanza au majivu ya volkano kuanguka, ni asidi au chembe za majivu. Siku majivu yanaponyesha, yapanguse yakiwa makavu kwa brashi laini kwanza, halafu suuza kwa maji mengi. Ukiyalowesha kidogo tu unayageuza kuwa dawa ya kuchoma. Wewe mwenyewe vaa barakoa.

Doa jeusi la mviringo lenye ukingo wa njano, linalokua kila siku, ni ukungu. Kata tawi sm 2 chini ya doa, punguza kulowesha matawi, sogeza vyungu viachane ili hewa ipite. Mashimo yenye kingo za kutafunwa na njia inayong'aa ni konokono: watafute saa mbili usiku kwa tochi, waokote. Hakuna dawa inayoshinda hiyo.

Vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio

Ni vidung'ata. Wananyonya utomvu na kuacha utamu unaoita sisimizi; sisimizi nao huwabeba hadi kwenye mmea mwingine, kwa hiyo msururu wa sisimizi ukipanda chungu, geuza matawi utazame.

Wakiwa wachache, chovya pamba ya masikioni katika alkoli ya 70% na umguse kila mmoja. Wakiwa wengi, changanya mililita 5 za sabuni ya maji katika lita 1 ya maji ya mvua. Katika maji ya ziwa sabuni haifanyi kazi vizuri. Nyunyiza jioni, hasa ukingoni na kwenye maungio, suuza asubuhi, rudia kila siku 7 kwa mara 4, kwa sababu mayai hayafi. Mmea ukiendelea kudhoofu ilhali juu ni safi, mtoe chunguni: wapo wanaoishi mizizini. Osha mizizi yote, tupa mchanganyiko, chemsha maji umwagie chungu kitupu.

Usinunue dawa kali za shambani zinazopimwa kwenye vichupa visivyo na lebo. Hujui ni nini, hujui kipimo, na chungu kiko barazani watoto wanapochezea. Sabuni ikishindwa baada ya mwezi, peleka tawi ndani ya mfuko uliofungwa kwa agronomu (mtaalamu wa kilimo), naye akuchagulie dawa yenye lebo.

Matawi marefu membamba, na ua halionekani

Fimbo ndefu za mviringo zinazotoka chini ni maumbile yake. Baadaye hubapa kwenye ncha na kutoa matawi. Ni tatizo pale *kila* tawi jipya linapokuwa jembamba na kuinamia dirishani. Hapo mwanga hautoshi. Msogeze mahali ambapo mchana unaweza kusoma gazeti bila taa lakini jua halikupigi.

Ua lisipotokea, uliza kwanza umri: kipandikizi huhitaji miaka 2 au 3, wakati mwingine zaidi. Kisha mwanga. Kisha mbolea: samadi mbichi na urea humjaza matawi ya kijani kibichi na kumnyima maua. Kisha ukubwa wa chungu. Malkia huchanua mizizi ikibanana, na anayemhamishia kwenye chombo kikubwa kila mwaka anamrudisha nyuma kila mwaka. Mwisho, mkasi. Maua hutoka kwenye matawi yaliyokomaa, na anayeyakata kwa sababu yamezeeka sura anakata maua ya mwaka ujao. Kiangazi cha Juni hadi Agosti punguza maji karibu nusu bila kumwacha akunjamane, sitisha mbolea, kisha rudisha vyote Septemba.

Vitumba vinaanguka

Kitumba huchukua wiki 3 hadi 4 tangu kuonekana hadi kufunguka, na muda huo wote malkia hataki kuguswa. Kinachoviangusha zaidi ni kuhamishwa au kuzungushwa chungu: mtu anaona kitumba, anafurahi, anamleta sebuleni wageni wamwone. Cha pili ni kukauka kwa siku kadhaa, kisha kufurikwa maji. Upepo wa ziwani unaopiga moja kwa moja ni wa tatu. Mmea mchanga ukitoa vitumba 10 na kuangusha 7, hapo hakuna ugonjwa; amebaki na anavyoweza kuvilisha.

Shingo ikijikunja na kuinua kitumba juu, na kitumba kikavimba, ni usiku huohuo au unaofuata. Kitaanza kufunguka kama saa mbili au tatu usiku. Mwangaze kwa tochi, usimbebe.

Pa kuacha

Uozo ukifika kwenye kiini cha matawi yote, chukua ncha za sm 15 ambazo bado ni nzima, zikaushe, na utupe vilivyobaki. Usijaribu kuokoa kisiki.

Matawi yenye mabaka ya kijani kilichofifia kama ramani, yasiyofuata jua, yasiyobadilika hata baada ya miezi ya maji ya mvua na mbolea, huenda yana virusi. Mwonyeshe agronomu kabla ya kukata chochote. Akithibitisha, hakuna dawa, na hapo hata ncha nzima hazifai, kwa sababu virusi vimo mmea mzima. Loweka kisu dakika 10 katika javeli (dawa ya klorini ya kufulia), kipimo 1 kwa maji vipimo 9, choma mmea, na jirani akiomba kipandikizi mnyime.